Supu ya Mzazi

Mwenye bucha aliniuliza nina mbwa wangapi.

Nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha lake sokoni Mbinga, asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, khanga mbili juu ya sweta, kwa kuwa sisi watu wa ziwani hatujui kuvaa kwa ajili ya milima. Nilikuwa nimemwomba mifupa. Si nyama yenye mfupa. Mifupa yenyewe: ya paja, ya goti, na kwato mbili kama zipo.

"Mbwa wangapi, dada?" alirudia. Hakuwa na ubaya wowote. Mkono wake ulishaelekea kwenye ndoo ya makombo chini ya meza.

"Sina mbwa. Nina mzazi."

Akasimama wima. Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri maini yao wakanitazama. Basi akachukua msumeno, akanikatia mfupa wa paja vipande vinne, mahali pazuri kabisa, uboho ukionekana katikati kama nta. Nilimshukuru, lakini nilitembea hadi kwenye kituo cha bodaboda nikiwa nimekasirika. Yaani chakula cha mama aliyejifungua, kwa mawazo ya watu wa pale, kilikuwa ndani ya ndoo ya mbwa. Sikujua bado kwamba huo ndio ungekuwa ugomvi mdogo kuliko yote ya likizo ile.

Mzazi mwenyewe alikuwa mdogo wangu, wa mwisho kwa mama yetu. Sisi kwetu ni Kihagara, mwambao wa Ziwa Nyasa, na mimi ninafundisha shule ya msingi hukohuko. Yeye aliolewa juu, kwa Wamatengo, katika kijiji kimoja upande wa Kitura, kwa mkulima wa kahawa. Alijifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, akapoteza damu nyingi. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, shule zilikuwa zimefungwa, nami nikapanda gari la kwanza kwenda kumuuguza.

Nilimkuta amelala, uso umepauka kama karatasi ya daftari lililokaa juani. Maziwa yalikuwa machache. Mtoto alinyonya kidogo, akaachia, akalia, akanyonya tena. Muuguzi aliyemruhusu alikuwa amemwambia mumewe waziwazi, na mdogo wangu alinisimulia maneno yale neno kwa neno: ale vizuri, apate supu, mboga za majani, maharage, dagaa, vidonge vya damu asikose hata siku moja. Vidonge vilikuwepo juu ya kabati. Supu haikuwepo.

"Unakula nini?" nilimuuliza.

"Ugali. Na maharage."

"Na jana?"

Akacheka kidogo, akashika tumbo kwa sababu ya nyuzi. "Dada, na jana."

Sitaki kumsema vibaya mama mkwe wake bila haki. Alikuwa mama mwenye umri wa kuitwa bibi, mwembamba, mwenye mikono migumu, anayeamka kabla ya watu wote. Huo ulikuwa msimu wa kuvuna kahawa. Alichuma tangu asubuhi kwenye miteremko ile inayomfanya mtu wa ziwani ashikilie miti asiporomoke, akarudi, akapika, akaosha vyombo, akarudi tena shambani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akifunga mzigo wa kuni. Yeye kwao Kimatengo, mimi kwetu Kinyasa, kwa hiyo tulikutana katikati kwenye Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na sokoni: cha heshima, kifupi, kisichozoea ugomvi.

"Mama, nataka kumpikia mzazi supu ya mifupa," nilimwambia.

"Pika, mwanangu. Sufuria lile kubwa lipo."

Nikapika. Niliwasha moto na magogo ya mibuni ya zamani iliyokatwa, kuni nzuri kweli, hazina haraka. Mifupa niliichemsha kwanza, povu la kijivu likapanda, nikamwaga maji yote na kuisuuza kipande kimoja kimoja. Ndipo nikaanza upya na maji baridi, nikakamua ndimu mbili, kwa sababu mama yetu alitufundisha kwamba ndimu ndiyo inayouvuta uzuri utoke ndani ya mfupa. Tangawizi iliyopondwa, vitunguu viwili, karoti. Chumvi mwishoni. Baada ya hapo ni kukaa tu na kuhakikisha haichemki kwa fujo: moto mdogo, kiputo kimoja kimoja, saa baada ya saa. Ukiharakisha unapata maji ya nyama. Ukivumilia, unapata kitu kinachoganda kikipoa, na kwa baridi ya Mbinga huna haja ya kusubiri sana. Niliweka kijiko kimoja kwenye kisahani mlangoni, na baada ya muda kikatikisika kama jeli. Nikafurahi peke yangu kule jikoni. Ilikuwa tayari saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeikalia tangu saa nne asubuhi.

Nikamwambia mdogo wangu, "Nakwenda mtoni kufua nepi, nikirudi unakunywa."

Nepi zilikuwa nyingi na maji yalikuwa ya barafu. Niliporudi na beseni kichwani nilisikia sauti za wanaume sebuleni, na sauti nyingine iliyonifanya nisimame. Ngo, ngo, ngo. Mtu alikuwa akigonga mfupa kwenye ukingo wa sahani ili uboho utoke.

Walikuwa wazee wanne wa jumuiya yao ya kanisani. Walikuja kumpongeza shemeji yangu kwa kupata mtoto wa kiume. Kila mmoja alikuwa na bakuli, na katikati ya meza kulikuwa na sinia la mifupa, mitupu, imenyonywa ikawa myeupe. Shemeji ndiye aliyekuwa akigonga. Aliniona, akanyanyua mfupa kama mtu anayesalimia kwa glasi.

"Shemeji, karibu! Supu yako imekubalika!"

Nikaweka beseni chini. Nikaenda jikoni. Ndani ya sufuria kulikuwa na vipande viwili vya karoti na maji meupe; mtu alikuwa ameongeza maji ya moto na chumvi ili yatoshe. Nikaenda chumbani kwa mdogo wangu. Alikuwa ameketi kitandani, ameshika kikombe cha yale maji, anakunywa.

"Nzuri, dada," alisema.

Nadhani kama angelalamika ningevumilia. Lakini alisema nzuri.

"Hiyo si supu. Hayo ni maji waliyoogea."

"Acha, dada. Wamekuja wageni. Ni kawaida."

"Kwa mtoto wa kwanza ilikuwaje?"

Akaniambia, bila kunitazama, kwamba kwa mtoto wa kwanza mumewe alichinja mbuzi. Watu walikula, wakaimba. Yeye aliletewa mchuzi na kipande cha utumbo. Baada ya wiki tatu alianguka shambani akichuma kahawa, wakasema ni jua.

Jua! Mwezi wa sita, juu ya milima ile, ukungu umekaa mpaka saa nne!

Wazee walipoondoka nilimkuta shemeji nje akisawazisha kahawa mbivu juu ya kichanja. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia. Lakini hakunywa pombe, hakuwahi kumpiga mdogo wangu, na siku uchungu uliposhika yeye na ndugu zake walikuwa wamembeba juu ya kitanda hadi barabarani kwa miguu. Alikuwa mtu mwema aliyekula supu ya mgonjwa na asione kitu.

"Shemeji, ile supu ilikuwa ya mkeo."

"Nimekuelewa. Lakini wageni wamefika, ningewapa nini?"

"Chai. Mihogo. Chochote. Yule ndani amekatwa tumbo."

"Na amepata pia. Mama alimpelekea."

"Alimpelekea maji."

Akacheka, si kwa dharau, kwa kushangaa tu. "Shemeji, mbona unakasirika hivyo? Ni supu tu."

Nilitafuta neno. Kwa Kinyasa ningemjibu papo hapo, jasho lingemtoka. Kwa Kiswahili nilijikuta mwalimu wa darasa la nne, nasema sentensi iliyonyooka isiyouma mtu. "Supu hiyo ni damu yake inayorudi," nilisema. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri, akaendelea kusawazisha kahawa.

Kesho yake nikashuka tena Mbinga. Safari hii mwenye bucha hakuuliza habari za mbwa. Alisema, "Mzazi anaendeleaje?" nikamwambia ukweli, kwamba mzazi hakuipata. Akatikisa kichwa, akaniongezea kwato nyingine. Mpaka leo najiuliza alitikisa kichwa kwa ajili ya nini, na nyumbani kwake nani hupewa uboho.

Nilipika upya, lakini si jikoni. Nilibeba mafiga matatu nikayapanga uani, chini ya dirisha la chumba cha mdogo wangu, nikaketi kwenye kigoda pembeni ya sufuria na madaftari ya wanafunzi wangu ya kusahihisha. Sikwenda mtoni. Sikwenda popote. Mama mkwe alipita mara mbili akanitazama.

Alasiri wakaja baba wadogo wa shemeji, watatu, kutoka ng'ambo ya bonde. Walisalimia, nikawaamkia, wakaingia. Baada ya muda nikasikia shemeji akiita kutoka sebuleni: "Mama! Waletee wazee supu!"

Mama mkwe akatoka na mabakuli matatu. Akasimama mbele yangu. Nikasimama pia. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumnyima mzee chakula. Nimelelewa kupiga magoti nikipokea hata kikombe cha maji.

"Mama, samahani," nilisema. "Hii ni ya mzazi."

Hakusogea. Shemeji akatokea mlangoni kuona kinachochelewesha, na nyuma yake baba zake wadogo, wakinyoosha shingo.

"Kuna nini?"

"Supu hii ni ya mzazi," nilirudia, kwa sauti ya darasani, na nilijua inafika mpaka ndani dirishani. "Wazee nitawapikia chai sasa hivi, na mihogo ipo. Lakini supu, hapana."

Mmoja wa wazee akasema jambo kwa Kimatengo, wengine wakacheka kwa pua. Kisha akanigeuzia mimi Kiswahili, taratibu, ili nisikose hata neno: "Mwalimu, huku kwetu mwanamke mgeni haketi na sufuria ya watu akaizuia."

"Baba, shikamoo yangu ipo palepale," nilimjibu. "Lakini kule kwetu mwanamume mzima hali chakula cha mwanamke aliyeshonwa tumbo."

Baadaye, nilipotulia, nilijua huo ulikuwa uongo. Lakini wakati ule niliuamini.

Waliondoka bila kuonja chai. Shemeji aliwasindikiza, akarudi uso umebadilika. "Umeniaibisha mbele ya baba zangu," alisema. "Nyumbani kwangu." Nilimwambia aibu aiangalie kitandani, ina nyuzi. Akaondoka kwenda kwenye kahawa zake, na siku ile hatukusemezana tena.

Mdogo wangu alikunywa mabakuli mawili. Nilimtolea uboho kwa mpini wa kijiko, nikamwekea juu ya kipande cha ugali. Alikula akilia, na hakulia kwa furaha. "Wewe utaondoka, dada," alisema. "Mimi nitabaki nao." Hilo ndilo linalonikera zaidi nikikumbuka: hasira yangu ilikuwa na tiketi ya kurudi nyumbani. Yake haikuwa nayo.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa jikoni nikipasha supu iliyobaki. Ilikuwa imeganda yote usiku, mafuta juu, na chini yake utando mzito wa rangi ya asali. Mama mkwe akaingia, akaweka kuni, akaketi kwenye gogo. Hakuwa na kawaida ya kuketi. Nilijiandaa kuambiwa nifungashe vitu vyangu.

Akatazama sufuria kwa muda.

"Mwalimu," alisema. "Ule wa ndani ya mfupa. Una ladha gani?"

Sikuelewa. "Uboho?"

"Ndiyo."

"Mama, wewe si umepika mifupa miaka yote?"

"Nimepika. Nimezaa watoto wanane, nimepika. Sijawahi kuula." Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Ulikuwa wa baba yao. Kabla yake, wa baba yangu. Siku hizi ni wa huyu kijana wangu."

Niliinama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kisha nikachagua kipande kikubwa, kile chenye uboho mzima, nikamwekea kwenye sahani. Akakishika. Nilidhani nitamsaidia, lakini hakuhitaji. Alikuwa amewatazama wanaume wakifanya kazi hiyo maisha yake yote. Akakigonga mara tatu kwenye kiganja, ukamtokea wote, akautia mdomoni, akafumba macho.

"Kumbe," alisema.

Nikasubiri.

"Kumbe ni kitu laini hivi. Hata meno hayahitajiki." Akafungua macho, na nilichokiona humo nilikitambua mara moja, kwa sababu ndicho nilichokuwa natembea nacho tangu sokoni. "Mama yangu alikufa hana jino hata moja. Tulimpa ugali mkavu."

Akainuka, akachota bakuli la supu limejaa, akalipeleka mwenyewe kwa mkwewe. Nilimsikia akimwambia kule chumbani, "Kunywa yote. Usimwachie mtu."

Adhuhuri shemeji alirudi kutoka shambani, akasimama mlangoni mwa jikoni, akauliza kama supu bado ipo. Alimuuliza mama yake, si mimi. Sufuria lilikuwa nusu, limefunikwa, mbele ya macho yake.

"Imekwisha, baba," mama yake alisema, akiendelea kuchambua maharage.

Shemeji akatazama sufuria. Akamtazama mama yake. Akaenda zake. Tangu hapo, kwa siku zote nilizokaa pale, supu ilikuwa imekwisha kila alipouliza, na mimi na yule mama hatukuzungumza juu ya jambo hilo hata mara moja. Tulipika kila baada ya siku mbili. Yeye ndiye aliyeshuka Mbinga kununua mifupa mara ya tatu, na akarudi akilalamika kwamba mwenye bucha alitaka kumpa ya goti badala ya paja, naye akamkatalia.

Maziwa yalianza kuja vizuri kama wiki moja baadaye. Mtoto akawa ananyonya mpaka analala na titi mdomoni. Mdogo wangu akaanza kutoka nje, akaketi juani akianika miguu, akapata rangi. Sitasema ni supu peke yake. Vidonge alikunywa, na mapumziko alipata, maana mama mkwe alikataa asiguse kahawa msimu ule mzima. Lakini mimi niliona.

Likizo ilipokwisha, shemeji hakunisindikiza. Alitoa mkono, akasema safari njema, basi. Mpaka leo tukikutana kwenye misiba ananisalimia kwa heshima na kuondoka haraka. Nasikia kule kijijini wananiita mwalimu wa sufuria. Wacha waniite.

Nilifika Kihagara jioni, jua bado liko juu ya ziwa. Mume wangu alikuwa amenunua samaki mkubwa, mbasa wa ziwani, kwa ajili ya kunipokea, na binti yetu, ambaye yuko kidato cha pili, alikuwa amempika kwa nyanya na ndimu, mchuzi mzito, harufu imejaa nyumba. Tukaketi. Binti akachukua upawa, na bila kufikiri, bila kumuuliza mtu, akainua kichwa cha samaki, mashavu yake yote na macho na ule utelezi mtamu wa nyuma ya mifupa, akakiweka kwenye sahani ya baba yake. Mimi akaniwekea mkia.

Hakuna aliyemfundisha hivyo isipokuwa mimi. Nimekuwa nikikiweka kichwa kile upande ule tangu nilipoolewa.

Nikaanza kuwasimulia habari za Mbinga, nikafika kwenye yale mabakuli manne ya wazee, nikaacha katikati. Nikamtazama mume wangu, ameshashika shavu la samaki kwa vidole.

"Nataka kichwa," nilisema.

"Kichwa kipi?"

"Hicho."

Akadhani natania. Alipoona sicheki, akakivunja katikati kwa mikono yake, akaniwekea nusu kwenye sahani yangu, nusu kubwa, akitabasamu, mtu mkarimu kama alivyo siku zote. Binti yetu alikuwa ametutumbulia macho, upawa bado mkononi.

Nilikula. Kilikuwa kitamu, nami nilikuwa na njaa ya safari. Lakini nilikila kwa hasira mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa amenigawia, kama kitu chake.